Bosi Kabadilisha Tena: Majibu kwa Wabunifu wa Tovuti

Barua za mwezi huu karibu zote zina kilio kimoja: mbunifu anachora ukurasa, unapitishwa, kisha mtu wa juu anaingia dakika za mwisho na kuuvuruga. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Tumeweka vipimo kila palipowezekana, kwa sababu ukienda kwa bosi na hoja ya "hivi haipendezi", yeye naye ana macho, na macho yake yanalipwa zaidi ya yako.

Anataka slaidi sita na video yenye muziki

*Habari za kazi, wahariri. Nimeajiriwa na kampuni ya kuuza vifaa vya ujenzi hapa Dar es Salaam. Ukurasa wa mwanzo niliouchora ulikuwa na picha moja, sehemu ya kutafuta bidhaa na namba ya simu ya kutoa oda. Mkurugenzi aliupitisha. Siku mbili kabla ya kuuweka hewani akasema "umepoa", akaagiza slaidi sita zinazojibadilisha zenyewe, na video ya kampuni inayoanza yenyewe pamoja na muziki wake. Nikikataa naonekana mjuaji. Nifanyeje?* — Mbunifu, Tabata

Ndugu yetu wa Tabata, anza na video, maana hapo huna haja ya kubishana, vivinjari vimeshaamua. Tangu Aprili 2018 Chrome huzuia video yenye sauti isijianzishe kabla mtu hajagusa ukurasa, na Safari ilikuwa imetangulia mwaka 2017. Lakini jihadhari na jambo moja: kwenye kompyuta, Chrome hutazama kama mtumiaji amezoea kucheza video katika tovuti husika, na akiwa amezoea humruhusu. Ndiyo maana bosi anaweza kuusikia muziki ofisini kwake, akakwambia "mbona kwangu inapiga?", huku wateja wengi wakipata ukimya. Usimwonyeshe kwenye kompyuta yake. Mwombe afungue ukurasa kwenye simu ya mtu ambaye hajawahi kuingia humo.

Slaidi ndizo zenye madhara. Picha sita za kilobaiti 700 kila moja ni megabaiti 4.2. Kipimo cha Lighthouse cha Google huiga mtandao wa simu wenye kasi ndogo kwa megabiti 1.6 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo megabaiti 4.2, ambazo ni megabiti 33.6, huchukua sekunde 21 kushuka. Kiwango ambacho Google yenyewe inakiita kizuri ni kitu kikubwa cha juu ya ukurasa kuonekana ndani ya sekunde 2.5. Fundi aliye saiti Goba, bando likielekea kwisha, hatasubiri sekunde 21 ili ajue bei ya mabati.

Na akisubiri, hataiona slaidi ya nne. Chuo Kikuu cha Notre Dame cha Marekani kilipopima slaidi za ukurasa wake wa mwanzo, matokeo yaliyotolewa 2013 yalionyesha kwamba takriban asilimia 1 tu ya waliotembelea walibofya slaidi yoyote, na katika mibofyo hiyo asilimia 84 ilikuwa ya slaidi ya kwanza. Nne zilizofuata ziligawana makombo.

Hizo ni hoja. Kazi yenyewe ni kujua neno "umepoa" limebeba nini. Mara nyingi slaidi huwa ni njia ya kuleta amani ofisini: meneja wa mabati anataka kuonekana, wa rangi anataka kuonekana, wa marumaru naye ana lake. Muulize mkurugenzi swali la moja kwa moja: "Kuna idara imelalamika kwamba haionekani?" Kama jibu ni ndiyo, tatizo lina dawa ambayo haihitaji kitu kujizungusha. Chini ya picha kuu weka visanduku sita vilivyotulia, viwili kwa kila mstari kwenye simu, kila kimoja na picha ndogo isiyozidi kilobaiti 40 na jina la idara. Vyote sita vinapatikana kwa kuteremsha kidole mara moja, na hakuna anayengoja zamu.

Picha kuu iwe moja, yenye watu na rangi, ya muundo wa WebP, aina ya faili la picha lenye uzito mdogo. Tayarisha nakala ya upana wa pikseli 1600 kwa kompyuta na ya 800 kwa simu, kila moja chini ya kilobaiti 200, kivinjari kijichagulie. Andika upana na urefu wake ndani ya msimbo ili ukurasa usirukeruke wakati picha inaingia. Usiipe picha kuu agizo la kuchelewa kupakiwa. Hilo ni la picha za chini tu, na wengi hulibandika kila mahali kisha wakashangaa kwa nini juu kunabaki peupe. Video nayo ishushe chini, iwe picha tulivu yenye alama ya kuchezesha, ianze kushuka mtu akiigusa tu.

Akishikilia slaidi, mpe slaidi, ila kwa masharti ya kiufundi: ya kwanza ipakiwe peke yake na nyingine baadaye, kuwe na kitufe cha kuzisimamisha (viwango vya WCAG, yaani vile vya kimataifa vya kufanya tovuti itumike na watu wenye ulemavu, vinakitaka kwa chochote kinachojiendesha zaidi ya sekunde 5 sambamba na maudhui mengine), na ujumbe muhimu kuliko yote ukae kwenye slaidi ya kwanza. Baada ya mwezi fungua takwimu za mibofyo pamoja naye. Bosi wengi huziondoa slaidi wenyewe wakishaziona takwimu, hasa kama hakuna anayewakumbusha nani alizitaka.

Nembo ikuzwe

*Kila nikimaliza kazi naambiwa "nembo iongezwe". Nimeshafika pikseli 200 kwenda juu na bado wanasema ndogo.* — Msomaji, Morogoro

Fungua faili la nembo ulilopewa utazame pembeni. Mara nyingi nembo zinazotoka kwa wapiga chapa huja na ukingo mtupu kuzunguka mchoro. Faili la pikseli 200 lenye ukingo wa 40 juu na 40 chini lina nembo ya 120 tu. Kata ukingo, lihifadhi kama SVG (faili la mchoro lisilofifia likikuzwa), uliweke kwa pikseli 72: utakuwa na nembo inayojaza nafasi yake, na utepe wa juu hautameza theluthi ya kioo cha simu. Vilevile toa vitu vinavyoshindana nayo hapo juu, kama namba tatu za simu, alama za mitandao ya kijamii na saa za kazi. Vipeleke chini ya ukurasa, nembo itaonekana imekua bila kuguswa.

Maandishi meupe juu ya njano

*Assalaam aleikum. Mimi ni mbunifu hapa Mombasa. Rangi ya kampuni ni njano, yenye msimbo #FFC107. Meneja wa masoko ameamuru vitufe vyote viwe njano na maandishi yawe meupe, kwa sababu ndivyo yalivyo mabango ya barabarani. Nilimwambia hayasomeki, akanijibu kwamba yeye anayasoma vizuri.* — Dada wa Nyali

Waaleikum salaam, dada. Meneja hadanganyi. Anayasoma kwenye kioo kikubwa, ndani ya chumba chenye pazia, na tena anajua tayari yameandikwa nini. Mtu anayeijua sentensi huisoma hata ikiwa imefutika nusu.

Nyeupe juu ya #FFC107 ina tofauti ya mwanga ya 1.63 kwa 1. Kiwango cha chini cha WCAG ngazi ya AA ni 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa, yaani kuanzia pikseli 24, au karibu 19 yakiwa yamekolezwa. Hiyo 1.63 haifiki hata nusu ya kiwango cha kawaida. Nyeusi juu ya njano hiyohiyo inatoa 12.88. Huna haja ya kuigusa rangi ya kampuni. Unabadilisha herufi tu, na njano inabaki njano yao.

Bango la barabarani lina sheria zake: herufi ni kubwa mno, na aghalabu huzungushiwa mstari mweusi unaozibeba. Ukitaka kuliiga bango kwa haki, iga na ule mstari.

Namna ya kumshawishi ni hii. Tengeneza kurasa mbili zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi ya herufi. Zifungue kwenye simu mbili, mwanga wa kioo ukiwa nusu, kisha mtoke nje naye saa saba mchana. Usiseme neno. Mwombe asome kitufe cha tatu kwenye kila simu.

Na kwa kuwa umegusa rangi, wasomaji wengine wakague kijivu chao. #999999 juu ya nyeupe ni 2.85 tu. Kijivu hafifu kabisa kinachopita kwenye nyeupe ni #767676, chenye 4.54, ukipanda hatua moja hadi #777777 umeanguka kwa 4.48. Nyekundu kamili, #FF0000, juu ya nyeupe nayo inaishia 4, kwa hiyo ujumbe mdogo wa kosa kwenye fomu unahitaji nyekundu iliyokolea kidogo kuliko hiyo.

Picha ya mkuu wa chuo imejaa ukurasa mzima

*Ninahudumia tovuti ya chuo binafsi cha ufundi. Uongozi umeagiza ukurasa wa mwanzo uanze na picha ya Mkuu wa Chuo na "Neno la Ukaribisho" la aya nane. Fomu ya kujiunga imesukumwa chini kabisa. Kumgusa mkuu ni kumvunjia heshima.* — Fundi mitambo, Dodoma

Heshima ni jambo la kweli na hatukushauri ulipuuze. Mkuu akiondolewa mbele ya watu wake atakuwa amepoteza kitu, nawe utakuwa umejitafutia adui bila sababu. Kinachowezekana ni kumpa mahali pazuri zaidi kuliko pale alipo.

Chukua sentensi moja katika neno lake, ile inayomhusu mwanafunzi moja kwa moja, uiweke juu pamoja na picha yake ndogo, jina na cheo. Chini ya hapo kuwe na vitufe vitatu: kozi na ada, fomu ya kujiunga, matokeo. Aya nane zipewe ukurasa wake kamili wenye picha kubwa na iliyopigwa vizuri. Kabla ya kupeleka pendekezo, mtafute ofisa udahili. Muulize ni maswali gani anayojibu kwa simu tangu asubuhi hadi jioni msimu wa maombi ukifika, na umwombe ayaandike kwa wiki moja. Kama mengi ni "ada ni kiasi gani" na "fomu inapatikana wapi", hiyo karatasi ndiyo iingie kikaoni, na aiwasilishe yeye. Likitoka kwa ofisa udahili, linakuwa ni tatizo la chuo. Likitoka kwako, linageuka kuwa ladha ya fundi.

Matangazo yaliyopigwa skani na kupandishwa kama PDF nayo yatazame. Barua yenye mhuri iliyoskaniwa haitafutiki, haisomwi na programu za wasioona, na kwenye simu lazima mtu aivute kushoto na kulia. Andika maneno yenyewe kwenye ukurasa, kisha weka PDF yenye mhuri chini yake kwa anayehitaji uthibitisho.

Kundi la WhatsApp lenye maboresho yasiyoisha

*Mimi hufanya kazi za kujitegemea Nairobi. Mteja alinifungulia kundi la WhatsApp "la kurahisisha mawasiliano". Lina mkurugenzi, mhasibu, mtu wa mauzo, na mpwa wa mkurugenzi anayesoma kompyuta chuoni. Leo mmoja anataka buluu, kesho mwingine kijani, na mkurugenzi huandika usiku wa manane akifuta yote. Nimeshalipwa nusu. Nimefikiria kuizima tovuti mpaka wanimalizie.* — Msanifu, Rongai

Usiizime. Tovuti ya biashara ikizimika, ugomvi wa rangi unageuka kuwa ugomvi wa hasara, na pale mkononi mwako hakuna mkataba unaokupa ruhusa hiyo. Na kama jina la .co.ke ulilisajili kwa jina lako, lihamishe kwa mteja mapema. Jina ni lake tangu siku ya kwanza. Kinga ya fundi iko kwenye mpangilio wa kazi: unajenga kwenye seva yako ya majaribio, mteja anaona kila kitu kupitia kiungo, na mafaili yanahamia kwake baada ya malipo ya mwisho. Hapo hakuna kinachozimwa, kwa kuwa hakuna kilichowashwa kabla ya wakati.

Kwa kazi hii iliyokwisha kuharibika, fanya hivi. Pitia mazungumzo yote ya kundi, uyatoe maombi uyaweke kwenye jedwali la safu nne: nani aliomba, aliomba nini, linapingana na ombi la nani, na litachukua siku ngapi. Ulipeleke kwa mkurugenzi peke yake, kwa barua pepe, na swali moja tu juu yake: "Yapi kati ya haya niyafanye?" Jedwali linaloonyesha buluu na kijani vimeagizwa ndani ya wiki moja na watu wawili wa ofisi moja hufanya kazi ambayo malalamiko yako kumi hayawezi. Kwenye kundi usibishane na yeyote. Kila ombi jipya lijibiwe kwa maneno haya au yanayofanana nayo:

"Asante, nimelipokea na nimeliingiza kwenye jedwali. Liko nje ya orodha tuliyokubaliana; litaongeza siku mbili na gharama yake nimeiandika hapo. Nitaanza nikipata idhini ya mkurugenzi kwa barua pepe."

Maombi mengi yatakufa hapo yenyewe, kwa sababu aliyeomba hakutegemea litakuwa na bei.

Kwa kazi ijayo, swali la kumuuliza mteja kabla hata ya kutaja bei ni hili: nani ana uwezo wa kuukataa ukurasa siku ya mwisho? Mtu huyo awepo kikao cha kwanza, na jina lake liandikwe kwenye mkataba kama mwidhinishaji pekee. Mengine yote yanategemea hilo. Mbunifu akifanya kazi miezi miwili na ofisa wa kati, kisha mkubwa akauona ukurasa kwa mara ya kwanza ukiwa umekamilika, mkubwa atabadilisha. Hana njia nyingine ya kutia mkono wake. Mkaribishe autie mapema, wakati kubadilisha ni kufuta penseli.

Ndiyo maana hatua ziwe nne na kila moja iidhinishwe kwa maandishi kabla ya inayofuata: orodha ya kurasa na maneno yake, mchoro wa nyeusi na nyeupe usio na picha wala rangi, ukurasa mmoja uliokamilika kwa rangi, kisha ujenzi. Ule mchoro wa nyeusi na nyeupe usiuruke. Ukionyesha rangi mapema, kikao kizima kitazungumzia rangi, na hakuna atakayegundua kwamba ukurasa wa bei umesahaulika.

Mkataba uruhusu mizunguko miwili ya marekebisho kwa kila hatua. Eleza mzunguko ni nini: orodha moja, kutoka kwa mtu mmoja, ndani ya siku tano za kazi. Usipoeleza, kila meseji itahesabiwa kuwa sehemu ya mzunguko wa kwanza. Malipo yafuate hatua, kwa mfano asilimia 40 kabla ya kuanza, 30 ukurasa wa rangi ukiidhinishwa, na 30 kabla ya kuhamisha mafaili. Usiache fungu la mwisho lidaiwe baada ya tovuti kuwa hewani. Hapo ndipo wengi hupigwa danadana.

Mpwa naye mpe kazi. Ajaribu fomu zote kwenye simu tatu tofauti na kuandika kila kinachogoma.

"Nithibitishie"

*Nilimwambia meneja kwamba menyu aliyoiagiza inawapoteza watu. Akasema: leta ushahidi. Tovuti yetu inapata wageni kama 2,000 kwa mwezi. Nimesoma kuhusu kujaribisha kurasa mbili kwa wakati mmoja, nusu ya wageni huku na nusu kule. Nianzie wapi?* — Mbunifu, Mwanza

Usianzie huko. Chukulia asilimia 3 ya wageni wenu hujaza fomu, na unataka kujua kama menyu yako itawafikisha asilimia 4. Ili tofauti hiyo isiwe bahati tu, kwa viwango vya kawaida vya takwimu unahitaji takriban wageni 5,300 kwa kila ukurasa, jumla 10,600. Kwa wageni 2,000 kwa mwezi ni zaidi ya miezi mitano, na katikati bei zitakuwa zimebadilika, sikukuu zimepita, na meneja amesahau alikuuliza nini. Jaribio la namna hiyo ni la tovuti kubwa.

Hata huko kwenye tovuti kubwa halimalizi ugomvi. Douglas Bowman, aliyekuwa kiongozi wa ubunifu wa macho pale Google, aliondoka 2009 akieleza hadharani kwamba kila uamuzi mdogo ulidaiwa takwimu, hadi timu iliyoshindwa kuchagua kati ya buluu mbili ikawa inajaribu vivuli 41 vya kati yake. Mbunifu anaweza kubanwa na bosi, na anaweza kubanwa na namba vilevile.

Unachohitaji ni watu watano. Jakob Nielsen, mtaalamu wa utumiaji wa tovuti, alishaandika mwaka 2000 kwamba majaribio ya watu watano hufichua sehemu kubwa ya matatizo ya utumiaji, na kwamba ni afadhali kujaribu mara nyingi na wachache kuliko mara moja na wengi. Watafute watu wanaofanana na wateja wenu, wasiwe wafanyakazi. Kila mmoja atumie simu yake mwenyewe. Mrudishie bando alilotumia. Andaa kazi tatu zilizoandikwa kama shida za kweli: "Unataka kujua kama wanaleta mzigo hadi Sengerema na kwa bei gani." Usitumie neno lililo kwenye menyu. Ukiandika "tafuta Huduma za Usafirishaji" na menyu ina "Huduma za Usafirishaji", umempa jibu.

Mwombe azungumze anachofikiri huku akitafuta. Wewe nyamaza. Akikuuliza "nibonyeze hapa?", mjibu "ungekuwa peke yako ungefanyaje?" Andika dakika, sehemu aliyobonyeza kwanza, na pale aliporudi nyuma. Akifika dakika tatu bila kupata, mwachishe na uandike kwamba hakupata. Kwa idhini yake, rekodi kioo cha simu na sauti. Hakikisha hakuna meseji zake wala namba ya siri inayoonekana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 inahusu na rekodi kama hizo.

Meneja usimpelekee ripoti. Mpelekee vipande vya sekunde 40, vitatu tu, vya watu wanaohangaika mahali palepale. Afadhali zaidi ni awepo wakati wa jaribio, akae nyuma, kwa ahadi kwamba hatasema kitu. Na uwe tayari kwa jambo moja: pengine watu watano watapotea kwenye menyu yako pia. Ikitokea, sema hivyohivyo kikaoni. Siku nyingine ukisema ya meneja ina kasoro utasikilizwa.

Wameivuruga baada ya kuikabidhi, na jina langu bado liko chini

*Nilijenga tovuti ya shirika fulani hapa Nakuru, nikalipwa vizuri. Miezi michache baadaye wakabadilisha rangi, wakapachika matangazo kila kona na madirisha yanayojifungua. Chini bado pameandikwa "Imebuniwa na" na jina langu. Je, nina haki ya kuwazuia?* — Mbunifu, Nakuru

Kwa Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kifungu cha 31, inasema kazi iliyoagizwa na mtu asiye mwajiri, au iliyofanywa ndani ya ajira, hakimiliki yake huchukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza au mwajiri, kwa kufuata makubaliano yoyote kati yao. Kama mkataba wako hausemi chochote, jione kama mtu aliyeuza. Kubadilisha rangi ni haki yao.

Kifungu cha 32 kinakubakizia haki ya kutajwa kuwa mtunzi na kupinga upotoshaji unaoharibu heshima au sifa yako. Kwa matangazo na madirisha, kwenda mahakamani ni kutumia shoka kuua mbu. Waandikie barua pepe ya mistari mitatu uwaombe watoe jina lako ndani ya siku 14. Wengi hufanya siku hiyohiyo kwa sababu haiwagharimu kitu.

Katika mikataba ijayo weka vipengele viwili: una haki ya kuondoa jina lako wakati wowote, na una ruhusa ya kuonyesha picha za tovuti kama ilivyokuwa siku ya kuikabidhi. Siku hiyo piga picha za kila ukurasa kwa upana wa pikseli 360 na 1440, uhifadhi na nakala ya mafaili. Kazi yako ya kuonyesha ni hiyo, si anwani ya tovuti ambayo hukai nayo tena.

Bango la A4 limebandikwa kama ukurasa

*Bosi amepata bango zuri kutoka kwa mchapishaji na anataka liwekwe hivyo lilivyo kwenye ukurasa wa mwanzo. Jibu la haraka tafadhali, linatakiwa kesho.* — Msomaji, Tanga

Bango la A4 kwa ajili ya uchapaji huwa na pikseli 2480 kwa upana, na herufi zake za pointi 12 huwa na pikseli 50 hivi. Likibanwa kwenye simu yenye upana wa 360, herufi hizo zinabaki na pikseli 7. Maandishi ya kawaida ya ukurasa ni 16.

Mwombe mchapishaji faili lenye matabaka, utoe picha peke yake bila maneno, uipunguze hadi pikseli 800, kisha uandike kichwa, tarehe, mahali na namba ya simu kama maandishi halisi chini yake. Namba ya simu ifanye kiungo cha kupiga kwa kugusa. Bango kamili liwekee kitufe cha "Pakua bango" kwa atakayetaka kulituma WhatsApp. Kazi yote haizidi saa mbili. Ukianza jioni hii, kesho asubuhi inamkuta bosi ikiwa hewani.